Dona, oti na nyongo: kwa nini lehemu haisikii kila nafaka

Kwenye mashine ya kusaga mtaani kwetu unaulizwa swali moja tu kabla debe halijamwagwa: "Dona au sembe?" Ukisema sembe, mahindi yanapitishwa kwanza kwenye kinu cha kukoboa, yanatoka meupe, na pumba inajaa kiroba pembeni. Kiroba hicho hakitupwi. Mwenye ng'ombe anakisubiri, na asipofika yeye atafika mwenye kuku. Umelipia kukoboa, ukalipia kusaga, na sehemu ya punje yenye nyuzinyuzi, mafuta na vitamini nyingi kuliko zote imekwenda zizini kwa jirani.

Shangazi yangu alikuwa mtu wa sembe maisha yake yote, mpaka mwaka jana alipopima damu akarudi na karatasi iliyoandikwa LDL 4.1, yaani kipimo cha ile lehemu (kolesteroli) mbaya ya kwenye damu. Kabla wiki haijaisha alishashauriwa kanisani, saluni na kwenye simu, na wote walisema lile lile: acha sembe, kula dona, mafuta ya kwenye damu yatashuka. Akahama. Miezi mitatu baadaye akapima tena, akakuta 4.0. Simu aliyonipigia siku hiyo haikuanza na salamu.

"Mwanangu, nimekula dona mpaka koo limekwaruza. Mbona lehemu iko pale pale?"

Sikuwa na jibu fupi. Jibu refu ni hili.

Punje yoyote ya nafaka, iwe ya mahindi, ngano, mtama au ulezi, ina sehemu tatu. Nje kuna ganda, ambalo likisagwa au kukobolewa ndilo pumba, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi nyingi. Kwenye kona moja kuna kiini, yaani mche mchanga unaosubiri mvua, wenye mafuta na vitamini E. Kilichobaki, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote, ni ghala la wanga. Nafaka nzima ni ile iliyobaki na sehemu zote tatu, hata kama imesagwa kuwa unga laini. Sembe ni ghala la wanga peke yake, au karibu na hapo. Gramu 100 za unga wa mahindi yasiyokobolewa huwa na nyuzinyuzi kama gramu 7, na unga uliokobolewa hubaki na nusu ya hizo au chini zaidi, kulingana na ukali wa kinu.

Mpaka hapo waliomshauri shangazi wako sawa. Walipokosea ni kudhani kwamba nafaka nzima ni kitu kimoja. Ni jina la ukoo. Ndani ya ukoo huo kuna ndugu wenye tabia tofauti kabisa, na sifa ya kushusha LDL imejengwa kwa sehemu kubwa na ndugu wawili tu ambao shangazi hakuwa nao jikoni.

Karatasi ya maabara

Kwanza tuelewane kuhusu kinachopimwa. Kolesteroli, au lehemu, ni aina ya mafuta ambayo mwili hauwezi kuishi bila hayo. Huiweka kwenye kuta za seli na huitumia kutengeneza homoni na nyongo. Sehemu kubwa ya lehemu iliyo kwenye damu yako haikutoka kwenye yai ulilokula leo asubuhi. Ini lako ndilo lililoitengeneza. Kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji, na damu ni maji kwa kiasi kikubwa, lehemu husafirishwa ndani ya vifurushi vya protini na mafuta. LDL ni kifurushi kinachopeleka lehemu mwilini, na kikizidi kwa miaka mingi hujipenyeza kwenye kuta za mishipa na kuanza kuiziba. HDL hurudisha lehemu kwenye ini. Trigliseraidi ni habari nyingine kabisa: ni mafuta ya akiba, na hupanda zaidi kwa sukari, pombe na wanga uliozidi kuliko kwa mayai.

Nasisitiza tofauti hiyo kwa sababu mtu anaweza kusema "mafuta yangu yameshuka" akimaanisha trigliseraidi, mwenzake akasikia LDL, na ushauri ukahama kutoka ugonjwa mmoja kwenda mwingine bila mtu kugundua.

Nyongo inayorudi nyumbani

Mwaka 1963 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio dogo. Waliwapa wanaume 21 mkate uliotiwa gramu 140 za oti kwa siku. Baada ya wiki tatu lehemu ya wanaume hao ilikuwa imeshuka kwa takribani asilimia 11. Jaribio hilo dogo lilifungua mlango ambao haujafungwa hadi leo.

Hapa kuna fujo ya majina. Oti, ile nafaka ya uji wa pakiti, wengi huiita shayiri. Shayiri yenyewe ni nyingine: ndiyo inayolimwa Narok na kwenye nyanda za kaskazini mwa Tanzania kwa ajili ya viwanda vya bia, na ndiyo ambayo baadhi ya nyumba za pwani huitia kwenye uji na shurba mwezi wa Ramadhani. Waomani nao wana shurba yao ya Ramadhani, ambayo hupikwa kwa oti. Kwa bahati nzuri, kuchanganya majina hayo hakutuharibii kitu hapa, kwa sababu nafaka zote mbili zina kitu kile kile tunachokitafuta: uzi laini unaoitwa beta-glukani.

Pika uji wa oti uuache dakika kumi. Utaona unavutika, unateleza, karibu kama mlenda. Huo mlenda ndio beta-glukani ikiwa imenyonya maji. Ikifika kwenye utumbo mwembamba inaendelea kuwa nzito vilevile, na huko inakutana na nyongo.

Ini hutengeneza nyongo kwa kutumia lehemu, kisha nyongo humwagwa utumboni ili kuyavunja mafuta ya chakula yawe matone madogo. Ikimaliza kazi haitupwi. Mwishoni mwa utumbo mwembamba karibu asilimia 95 ya asidi za nyongo hufyonzwa na kurudishwa kwenye ini, zikatumike tena, mara kadhaa kwa siku. Ni uchumi wa ajabu, kama mama ntilie anayechuja mafuta yake ya chipsi kila jioni ili kesho yatumike tena. Mlenda wa oti unaingilia kati mzunguko huo. Unazinasa asidi za nyongo, unazivuta kwenda utumbo mpana, na nyingi zaidi hutoka na choo. Ini linajikuta na upungufu wa nyongo. Ili litengeneze nyingine linahitaji lehemu, kwa hiyo linaongeza milango ya kupokea LDL kwenye seli zake na kuivuta kutoka kwenye damu.

Anayetilia shaka njia hii akumbuke kwamba kuna dawa ya siku nyingi, kolestiramini, inayofanya kazi hiyo hiyo: hunasa nyongo utumboni, na LDL hushuka. Oti ni binamu yake mpole.

Upole wake una vipimo. Mwaka 2014 yalijumlishwa majaribio 28 ya beta-glukani ya oti, na kwa watu waliokula angalau gramu 3 za uzi huo kila siku, LDL ilishuka kwa wastani wa 0.25 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. HDL na trigliseraidi hazikutikisika. Kwa mtu mwenye 4.1 kama shangazi, hiyo ni asilimia 6 hivi. Gramu 3 za beta-glukani zinapatikana kwenye gramu 60 hadi 75 za oti kavu, yaani bakuli kubwa la uji kila siku bila kuruka siku.

Historia yenyewe haikwenda moja kwa moja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Marekani ilishikwa na homa ya pumba za oti. Zilitiwa kwenye mikate, kwenye biskuti, hata kwenye vitafunio ambavyo havikuwa na haja nazo. Januari 1990 jarida moja kubwa la tiba la nchi hiyo likachapisha jaribio la watu 20 lililosema kwamba pumba za oti hazikushinda unga wa ngano iliyokobolewa, kwa sababu watu wale wale walipokula oti na walipokula ngano lehemu yao ilishuka kiasi kinachokaribiana. Homa ikaisha ghafla. Lakini waliosoma kwa makini waliona jambo jingine: washiriki walikuwa watu wenye afya, lehemu yao ilikuwa chini tangu mwanzo, na vipindi vyote viwili, cha oti na cha ngano, walikuwa wamepunguza mafuta ya wanyama kwa kushibishwa na nafaka. Swali la "oti inasaidia?" lilikuwa limemezwa na swali la "oti badala ya nini?" Miaka saba baadaye, mwaka 1997, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu pakiti za oti ziandikwe kwamba zinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, kwa kiwango hicho hicho cha gramu 3 za beta-glukani kwa siku. Shayiri iliongezwa kwenye ruhusa hiyo baadaye.

Na bado kuna kikwazo kimoja ambacho pakiti hazikisemi. Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa watu 367 ambapo beta-glukani ilitolewa gramu 3 au 4 kwa siku, lakini kwa kundi moja nyuzi zake zilikuwa ndefu na kwa jingine zilikuwa zimekatwakatwa kiwandani. Nyuzi ndefu zilishusha LDL kwa asilimia 5 na kitu, na zile fupi hazikufika nusu ya hapo. Uzito wa mlenda ndio dawa. Ukiuvunja kwa joto na mitambo, unabaki na jina la oti kwenye karatasi ya biskuti.

Turudi kwa dona

Nyuzi za pumba ya mahindi ni za aina nyingine, hasa arabinoksilani iliyofungwa kwa ukakamavu pamoja na selulosi. Hazivutiki, hazitelezi, haziwi mlenda. Zinapita kwenye utumbo mwembamba kama mchanga wa mtoni, na nyongo inaziacha zipite, inafyonzwa na kurudi nyumbani kama kawaida. Ngano nzima na mchele wa kahawia ziko karibu na upande huo kuliko upande wa oti. Ulezi na mtama pia nyuzi zake nyingi ni ngumu, ingawa maganda yake yana kemikali za rangi na ukakasi ambazo wanasayansi wanazifuatilia kwa sababu nyingine.

Kwa hiyo majaribio ya nafaka nzima kwa ujumla yanatoa namba ndogo. Uchambuzi wa mwaka 2015 uliojumlisha majaribio 24 ulikuta LDL imeshuka kwa wastani wa 0.09 tu, na ndani ya kapu hilo oti ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko nyingine zote. Uingereza walifanya jaribio la watu 316 wenye uzito uliozidi, wasiokuwa na mazoea ya nafaka nzima. Baadhi walipewa gramu 60 za nafaka nzima kila siku kwa wiki 16, wengine wakapandishwa hadi gramu 120 katikati ya safari. Mwishoni vipimo vya moyo na mishipa havikutofautiana na vya waliobaki na mikate yao myeupe.

Ukiweka namba hizo karibu na karatasi ya shangazi, 4.1 ikawa 4.0, unaona kwamba mwili wake haukukosea. Ulifanya karibu kile ambacho sayansi ingetegemea.

Zizi lililo tumboni mwetu

Sasa yule ng'ombe wa jirani. Ng'ombe hawezi kumeng'enya nyasi. Hana kimeng'enya hata kimoja cha kuvunja selulosi. Anachofanya ni kufuga bakteria kwenye tumbo lake la kwanza, akawalisha nyasi na pumba, nao wakachachusha na kumlipa kwa asidi ambazo yeye huzitumia kama nishati. Sisi tuna zizi kama hilo, isipokuwa letu liko mwisho wa safari, kwenye utumbo mpana. Kila nyuzinyuzi isiyomeng'enywa juu huangukia huko, na bakteria huila kwa kadiri wanavyoweza.

Malipo wanayotoa ni asidi tatu fupi za mafuta: aseteti, propioneti na butireti. Butireti huliwa papo hapo na seli za ukuta wa utumbo mpana, ndiyo chakula chao kikuu, na ukuta ulioshiba hukaa imara na kutulia bila uvimbe wa ndani kwa ndani, yaani kinga ya mwili kuwaka bila sababu. Propioneti huenda kwenye ini. Aseteti huzunguka mwili mzima.

Kwamba chakula cha nafaka hubadilisha wakazi wa zizi, hilo halina ubishi mkubwa. Mwaka 2010 watafiti wa Italia walilinganisha watoto wa Florence na watoto wa kijiji kimoja cha Burkina Faso wanaokula uwele, mtama, kunde na mboga. Watoto wa Burkina Faso walijaa bakteria wa ukoo wa Prevotella, mabingwa wa kuvunja nyuzi ngumu za nafaka, na asidi fupi kwenye choo chao zilikuwa nyingi kuliko za wenzao wa Florence. Mwaka huo huo Uingereza watu 32 walipewa gramu 48 kwa siku za chakula cha asubuhi cha mahindi yasiyokobolewa, kwa siku 21. Bifidobakteria, ambao kwa kawaida huhesabiwa miongoni mwa marafiki wa tumbo, waliongezeka. Walipoacha, hesabu ikarudi ilikokuwa. Na mafuta ya kwenye damu? Hayakubadilika.

Sijui kama kuna matokeo yanayomfaa shangazi kuliko hayo. Mahindi mazima, tumbo limesikia, damu haikusikia.

Lakini hata tumbo halisikii kila mara. Nchini Denmark, watu 60 walikula vyakula vya nafaka nzima kwa wiki nane na vya nafaka iliyokobolewa kwa wiki nane nyingine. Kipindi cha nafaka nzima walikula kidogo zaidi kwa jumla, wakapungua uzito kiasi na alama za uvimbe kwenye damu zikashuka, ilhali jamii ya bakteria wao haikubadilika sana. Kwa hiyo ule mchoro unaopendwa mitandaoni, nafaka inabadilisha bakteria, bakteria wanabadilisha damu, mtu anapona, unakosa kiungo mara kwa mara, na si kiungo kile kile kila mara.

Je, bakteria hugusa lehemu?

Hapa ndipo kamba imefungana zaidi. Maelezo yanayotajwa sana ni ya propioneti: ikifika kwenye ini hupunguza utengenezaji wa lehemu. Kwa panya na kwenye seli za maabara kuna ushahidi wa hilo. Kwa binadamu umekuwa hafifu na wa kupingana. Tena kuna kejeli ndani yake, maana aseteti, ndugu yake anayezalishwa kwa wingi zaidi, ni malighafi ambayo ini laweza kuitumia kutengeneza hiyo hiyo lehemu. Mfugo mmoja, maziwa ya aina mbili, moja linavuta huku na jingine kule.

Njia ya pili ni ya nyongo, tena. Bakteria wengi wana vimeng'enya vya kuivua asidi ya nyongo kipande kinachoisaidia kuyeyuka, na ikishavuliwa hufyonzwa kwa shida zaidi. Wengine huigeuza kuwa asidi za nyongo za daraja la pili, ambazo zikizidi hushukiwa kuchochea saratani ya utumbo mpana. Njia ya tatu inanifurahisha kuliko zote: kuna bakteria wanaoikamata lehemu yenyewe na kuigeuza kuwa koprostanoli, kitu ambacho utumbo hauwezi kukifyonza, kikatoka na choo. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walitambua jeni ya kazi hiyo, na wakakuta kwamba watu wenye bakteria wa aina hiyo huwa na lehemu ndogo kidogo kwenye damu. Kama kula nafaka fulani kunaweza kuwaongeza bakteria hao kwa makusudi, hilo bado ni shamba lisilolimwa.

Kinachoonekana wazi zaidi ni kwamba zizi hubadilika upesi mlo mzima ukibadilika, si kiambato kimoja. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya kubadilishana chakula kati ya Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini. Kwa wiki mbili wa Pittsburgh walikula nyuzinyuzi gramu 55 kwa siku badala ya 14, na mafuta kidogo, na wa Afrika Kusini wakashushwa kutoka gramu 66 hadi 12, wakaongezewa nyama na mafuta. Ndani ya siku hizo 14 butireti ya Wamarekani ilipanda karibu mara mbili na nusu na asidi za nyongo za daraja la pili zikashuka kwa asilimia 70. Kwa wale wa Afrika Kusini mambo yalikwenda kinyume chake.

Jaribio la karibu nasi zaidi lilifanyika Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2025, kazi ya watafiti wa Moshi pamoja na wenzao wa Uholanzi. Wanaume 77 wenye afya walihusika. Waliozoea chakula cha asili walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye soseji, mkate mweupe na chipsi. Waliozoea vya mjini wakahamishiwa kwenye ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka za asili. Wengine walipewa mbege, pombe ya asili ya ndizi, kwa wiki moja. Waliohamia chakula cha kisasa walionyesha alama za uvimbe kwenye damu, na seli zao za kinga zikazubaa. Waliorudi kwenye asili walitulia, na waliokunywa mbege pia. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baada ya jaribio. Anayejua mbege anajua kwamba si ndizi tu; ndani yake kuna kimea cha ulezi, punje nzima iliyooteshwa na kuchachushwa. Sisemi mtu aanze kunywa. Nasema bibi zetu walikuwa wanaifanyia punje kazi mbili kabla haijafika tumboni, kuotesha na kuchachua, na sisi tumeacha zote mbili tukabaki na kusaga.

Jingine ambalo huvuruga ushauri wa jumla: mazizi hayafanani. Kwenye jaribio la Sweden watu walikula mkate wa punje za shayiri kwa siku tatu tu. Sukari ya baadhi yao iliboreka waziwazi, na wengine haikusogea. Walioboreka walikuwa na Prevotella nyingi zaidi. Mkate mmoja, siku tatu zile zile, wafugaji tofauti.

Yasiyoandikwa kwenye kiroba

Kama dona haishushi LDL, mbona nisimrudishe shangazi kwenye sembe? Kwa sababu LDL si kitu pekee kinachoua. Mwaka 2019 ulichapishwa uchambuzi mkubwa ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, wa tafiti 185 zilizofuatilia watu kwa miaka na majaribio 58. Waliokula nyuzinyuzi nyingi walikuwa na vifo vichache na maradhi machache ya moyo, kisukari cha aina ya pili na saratani ya utumbo mpana, kwa asilimia 15 hadi 30, wakilinganishwa na waliokula kidogo. Faida kubwa ilionekana kwenye gramu 25 hadi 29 kwa siku. Kufuatilia si sawa na kujaribu, na mla nafaka nzima wa Ulaya mara nyingi pia ndiye mkimbiaji asiyevuta sigara. Lakini mwelekeo ni mmoja.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Mulago, Kampala, alilisema hili mapema kwa njia yake. Yeye na wenzake walipima choo cha watu, kwa mizani kabisa, wakalinganisha wanavijiji wa Afrika na watu wa Uingereza. Cha wanavijiji kilikuwa kizito mara kadhaa na chakula kilipita upesi zaidi. Alienda mbali mno katika baadhi ya madai yake, na Waganda wale walikuwa wakila matoke na maharage zaidi ya nafaka yoyote. Ila swali lake la msingi, nini kinapotea tunapokoboa, bado limesimama.

Dona ina hatari yake pia, na waliomshauri shangazi hawakuitaja. Kuvu wanaotoa sumukuvu hushambulia zaidi ganda na kiini, kwa hiyo kukoboa huondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo. Mahindi yaliyovunwa mabichi na kuhifadhiwa na unyevu yakisagwa dona, mlaji anakula yote. Si nadharia: Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa, na mwaka 2016 Dodoma na Manyara wakafa wapatao 20. Dona njema huanzia kwenye kukausha na kuchambua punje zilizooza au kubadilika rangi. Na kwa kuwa kiini kina mafuta, unga wake huchacha na kuwa mchungu upesi. Saga kidogo kidogo.

Nilipomaliza kumweleza shangazi haya yote, kwa vipande, jioni mbili, nilimuuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo.

"Hiyo dona, shangazi, unailia na nini?"

Mboga ya majani, akasema, iliyoungwa kwa tui zito la nazi. Siku nyingine nyama ya kukaanga. Maandazi asubuhi, kama siku zote.

Basi kumbe. Mafuta magumu, yale ya nazi, samli, mawese na nyama nono, huibana ile milango ya ini inayopokea LDL. Dona ilikuwa imebadilisha kitu kimoja kwenye sahani, na hicho hakikuwa ndicho kilichokuwa kinapandisha namba.

Tukapanga upya. Dona ibaki, kwa ajili ya tumbo na sukari, ila tonge zipungue. Maandazi ya asubuhi yapishe uji wa oti au wa shayiri, punje yenyewe na si biskuti, aanze na bakuli dogo kwa sababu bakteria wakiongezewa chakula ghafla hutoa gesi na kumfedhehesha mtu kwenye daladala. Maharage yarudi kila siku, na hapa nilimshangaza, kwa sababu majaribio 26 yaliyojumlishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba kikombe kisichojaa sana cha maharage au jamii yake kwa siku, gramu 130 hivi yakiwa yamepikwa, hushusha LDL kwa 0.17, karibu mara mbili ya wastani wa nafaka nzima. Tui liwe la siku ya sikukuu. Na kama daktari ataona umuhimu wa statini, dawa ya kushusha lehemu, aimeze, uji hauishindi.

Atapima tena baada ya wiki nane, kwenye maabara ile ile, na ameniahidi kwamba safari hii ataanza na salamu.